Kimya cha Alhamisi Katika Maktaba ya Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko aliyeniita. Nikakaa juu ya sanduku kubwa la mbao lililokuwa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, nikingoja kuonyeshwa maktaba. Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima akaja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akanitazama, akacheka.

"Binti, unangoja nini?"

"Shikamoo. Nangoja kupelekwa maktaba."

"Marahaba. Ndiyo umeikalia."

Niliruka kama mtu aliyekalia siafu. Hivyo ndivyo nilivyoanza, kwa kuikalia kazi yangu bila kuijua, na ukisoma hadi mwisho utaona kwamba sikuikalia mara moja tu.

Naandika haya kwa sababu mwalimu mmoja kijana aliniuliza hivi karibuni, "Bibi Edith, wewe uliyekaa na maktaba za shule miaka yote hiyo, kipindi cha maktaba kiwekwe lini kwenye ratiba, na watoto wafanye nini humo?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Jibu fupi ninalo, lakini lilinigharimu, na nisipoeleza lilivyonigharimu atalichukua kama mtu anavyookota kokoto ufukweni, atalitupa mbele ya safari. Mimi niliishia darasa la saba. Ninayo madaftari yangu ambayo nimeandika karibu kila siku tangu siku ile ya sanduku, na ndiyo ninayoyafuata. Pale daftari na kumbukumbu yangu vitakapogombana, nitasema.

Kijiji kile cha kwanza ni cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ndiko nilikozaliwa. Sanduku lilikuwa na vijitabu vya watu wazima waliokwishajifunza kusoma: kilimo cha mahindi, uji wa mtoto, ufugaji wa nyuki, na hadithi chache. Nilidhani Mratibu ataanza kunifundisha vitabu. Hakuvigusa.

"Vitabu si kazi yako," alisema. "Vitabu vinajua kukaa vyenyewe. Kazi yako ni saa. Kitabu kinataka mikono miwili. Kazi yako ni kujua mikono ya watu wa hapa iko mitupu saa ngapi."

Akanituma nikakae ufukweni siku tatu, sanduku likiwa limefungwa, niandike tu nani mikono yake imekaa bure na saa ngapi. Watu walinicheka. "Serikali siku hizi inalipa mtu aangalie samaki!" Lakini niliona. Alfajiri hapana, wanaume wanatoka ziwani na wanawake wanapokea. Asubuhi usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wanaanikwa mchangani, mikono yote imejaa. Halafu kuna muda, usipa wameshaanikwa na saa ya kuwageuza haijafika, wanawake wanakaa kivulini wakifukuza ndege. Hapo mikono ni mitupu. Nikaandika: saa nne hadi saa tano na nusu. Mratibu akasoma, akasema, "Umehitimu," akanipa ufunguo.

Baada ya hapo ndipo akanifundisha kazi za mikono. Rejesta ya kuazimia, ambayo ni daftari kubwa lenye safu nne, jina la msomaji, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Kadi ya msomaji, ambayo hupigwa muhuri kila kitabu kinaporudi kizima. Namna ya kuvalisha kitabu jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, maana hakuna karatasi inayoshinda ile kwa kuvumilia mikono yenye mafuta ya samaki. Na mwisho akanipa sheria ya pili.

"Kimya. Mtu mzima aliyejifunza kusoma ukubwani ana aibu. Akisikika anakosea hatarudi. Kwa hiyo maktaba iwe kimya, na wewe mwenyewe ukae mbele usome kimya, wakuige."

Kwa watu wale sheria ile ilikuwa sahihi kabisa, nami nataka nimtendee haki marehemu: aliisema kwa ajili ya watu wazima. Hakunituma niibebe mlimani.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikafika hadi kwetu, na mambo ya elimu ya watu wazima yakaanza kupoa kama moto usiochochewa. Wanawake wa kivulini wakawa na biashara za kukimbilia, na mikono haikuwa mitupu tena saa yoyote. Sanduku likakaa limefungwa miezi. Ofisi ikaamua vitabu vipelekwe kwenye shule za msingi, na mimi nifuatane navyo. Mimi na sanduku langu tukapandishwa lori, tukapelekwa juu, upande wa Mbuji, kwenye baridi.

Wamatengo, wenyeji wa huko, walinipokea vizuri na kwa utani mwingi. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, mzee mrefu mwenye koti lisilovuliwa, aliniambia siku ya kwanza, "Mnyasa, huku hakuna samaki wa kuanika. Ukisikia njaa panda ngolo ule mahindi." Ngolo ni yale mashimo ya kilimo chao yaliyopangwa mlimani kama masega ya nyuki. Nikamjibu, "Nitavumilia, baba, ila baridi hii mnaipata wapi?" Akacheka hadi akakohoa. Tulipatana tangu hapo.

Maktaba ya shule ile ilikuwa chumba hasa, si sanduku. Wazazi walikuwa wamekijenga kwa tofali za kuchoma, na ndicho chumba pekee cha shule chenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja. Mwalimu Mkuu, mtu mpole aliyependa kunitania kwa hadithi za mamba, alinipa Alhamisi mchana, darasa la tano na la sita kwa pamoja. "Ndiyo nafasi iliyobaki kwenye ratiba," alisema. "Alhamisi mchana wengine wanakwenda shamba la shule."

Hapa nilipaswa kukumbuka siku zangu tatu za ufukweni. Mtoto anayefika Alhamisi mchana ameamka gizani, amepanda kilima na kushuka kilima, amekula kidogo au hajala. Mikono yake mitupu, ndiyo, lakini kichwa nacho kitupu. Sikukumbuka. Nilifurahi tu kwamba nimepewa chumba.

Wiki za mwanzo walikuja wachache. Ndipo nikatoa wazo, na naliandika hapa wazi kwamba lilikuwa langu, si la Mwalimu Mkuu kama wengine walivyokuja kusema. Shule ilikuwa na kahawa yake, na kumenya kahawa kunataka maji mengi, nayo maji yako bondeni. Watoto walichota kwa zamu, ndoo kichwani, kilima kile. Nikasema, "Mwalimu, mtoto atakayejaza kadi yake mihuri kumi, asamehewe zamu moja ya maji." Mwalimu Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Dada Edith, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa Afisa Elimu."

Alhamisi iliyofuata watoto walikaa hadi sakafuni. Nami, kwa sheria ya Mratibu, nikakaa mbele na kitabu changu nikisoma kimya, nao wakasoma kimya. Daftari langu la muhula ule lina maneno haya, na nayanakili kama yalivyo: "Leo tena kurasa zimefunuliwa zote kwa pamoja, kama mvua ndogo inapopita juu ya migomba. Asante Mungu kwa kazi hii."

Msomaji wangu bora kuliko wote alikuwa binti wa darasa la sita aitwaye Desderia. Alijaza kadi, nikampa ya pili, akajaza, nikampa ya tatu. Vitabu vyake vilirudi visafi kama havikuguswa. Hata hilo sikulitafakari.

Miaka michache ikapita hivi, na Desderia alikuwa katika kundi la mwisho la miaka hiyo. Ndipo wanunuzi binafsi wa kahawa wakaruhusiwa. Zamani kahawa yote ilipita chama cha ushirika. Sasa yalikuja magari ya watu mbalimbali, kila mmoja akitafuta mahali pa kuhifadhi. Mmoja wao alifika shuleni, akapita akitazama vyumba, akaingia maktaba, akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja. Akanusa ukuta.

"Pakavu," alisema.

Nilijua hapo hapo.

Ombi lake lilikuwa hili: apewe chumba kile kiwe ghala, naye ataezeka darasa la kwanza kwa bati. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Darasa la kwanza lilikuwa la nyasi zilizooza, na siku za mvua mwalimu wao aliwabana kwenye kona moja kama vifaranga. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini.

"Dada, mimi siupendi mpango huu. Lakini watoto wadogo wananyeshewa. Kamati inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, na Mkaguzi wa Shule atakuwepo. Nipe sababu ya kusimama nayo. Wakisema chumba kile kina karatasi tu, nijibu nini?"

"Rejesta itajibu, Mwalimu. Na Desderia atasoma mbele yao."

"Hapo umesema!"

Ninyi mnaosoma haya leo huenda mkaona jambo dogo. Kwangu lilikuwa chumba pekee katika kata nzima ambamo mtoto wa mkulima angeweza kukaa na kitabu kisicho cha mtihani. Kikiondoka hakirudi. Nililijua hilo vizuri kwa sababu nililiona sanduku langu likifungwa kule ziwani.

Alhamisi, siku nane kabla ya mkutano, wenzake walipokwenda zao nilimbakiza Desderia tuchague ukurasa wa kusoma. Nikachukua kile kijitabu cha ufugaji wa nyuki kutoka sanduku la zamani. Nilikijua karibu chote kwa kichwa, nilishakivalisha jalada mara tatu.

"Soma kuanzia hapa, mwanangu. Kwa sauti, kama siku ile yenyewe."

Akasimama wima. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akakivuta taratibu kuelekea kulia, na kwa sauti nzuri kama ya msomaji wa kanisani akaanza:

"Nyuki hawampendi mtu aliyegombana nyumbani. Mtu akigombana na mkewe, asiende mzingani siku hiyo. Nyuki watasikia jasho la ugomvi, watamfukuza hadi mtoni, na mtoni watamngoja atoe kichwa."

Nilimsikiliza nikitabasamu. Kisha nikaanza kujishuku. Nikajiambia, Edith umezeeka kabla ya wakati, sehemu hii umeisahau. Yeye akaendelea, akafika mwisho wa mstari, akarudisha kidole kushoto kama inavyotakiwa. Nikainuka, nikasimama nyuma yake, nikatazama ukurasa. Ukurasa ulisema: mzinga uwekwe mahali penye kivuli, mbali na njia ya watu na mifugo.

"Desderia, haya unayosoma yako wapi?"

"Hapo, Mama."

"Hapo wapi?"

Akautazama ukurasa kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. "Babu ndiye anayesema hivyo," akajibu polepole. "Babu ana mizinga."

Nikaweka kidole changu chini ya neno mzinga. "Hili ni neno gani?" Kimya. Nikalisogeza kwenye neno dogo kabisa, *na*, herufi mbili tu. Kimya.

Mtoto mwenye kadi tatu! Nilitaka kumkaripia, sauti haikutoka, na namshukuru Mungu haikutoka.

"Sasa mbona unakuja kila Alhamisi?"

"Kule darasani tunaulizwa, Mama. Ukikosa unachapwa, wenzako wanacheka. Huku hakuna anayeuliza."

"Lakini nimekuona kwa macho yangu ukifunua kurasa!"

"Tulikuwa tunakuangalia wewe. Ukifunua, nasi tunafunua."

Nilirudi nikakaa. Nadhani nilikaa muda mrefu, ingawa daftari halisemi. Ile mvua ndogo juu ya migomba ilikuwa ni mimi. Wote walikuwa wakinisoma mimi.

"Tulikuwa," nilimwambia. "Umesema tulikuwa. Wewe na nani?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, akasita, akaanza kulia.

Kesho yake, saa ya mapumziko, niliwaita mmoja mmoja mlangoni wenye kadi zilizojaa. Sikuwatisha, niliwapa sentensi moja tu. Wanne walisoma. Wengine walinitazama usoni, si kitabuni, wakitafuta jibu kwenye macho yangu. Sikuwahi kujua kwamba uso wangu ulikuwa kitabu kinachosomwa sana namna ile. Kila mmoja aliyeshindwa aliniumiza upya, nilidhani nitazoea, sikuzoea.

Niende kwa Mwalimu Mkuu au nisiende? Daftari langu la siku ile lina kurasa mbili za swali hilo, na naona haya kuzisoma. Nilijiambia kwamba kosa si langu peke yangu. Hilo ni kweli, darasa la sita walikuwa wengi kupita kiasi na kitabu kimoja kwa watoto watano au sita, mwalimu wao hakuwa mvivu. Nilijiambia pia kwamba nikisema, chumba kimekwenda. Nalo ni kweli. Nikaenda.

Mwalimu Mkuu alikuwa na Mwalimu wa Taaluma, yule anayesimamia masomo na mitihani. Nilipomaliza, Mwalimu Mkuu alivua miwani.

"Wewe ndiye uliyeniambia chumba kimejaa wasomaji."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilihesabu vichwa."

"Wanne?"

"Wanne."

Mwalimu wa Taaluma akasema, "Sasa tatizo liko wapi? Wanne wanatosha. Ijumaa msimamishe mmoja wa hao, asome, rejesta iwe mezani, chumba kimepona. Hao wengine tutawashughulikia taratibu."

Hakusema kwa ubaya. Alikipenda chumba kile pengine kuliko mimi. Na ningekuwa mwongo nikisema sikutamani kumtii.

"Mwalimu," nilimuuliza, "tukikipata chumba kwa njia hiyo, Alhamisi nitakaa mbele nifanye nini?"

Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake. "Utasema mwenyewe," alisema. "Mimi sitakuzuia, wala sitakusaidia. Sina nguvu hizo."

Ijumaa wazazi walijaa ndani ya chumba chenyewe cha maktaba, wengine madirishani. Mkaguzi wa Shule alikaa mbele, mtu mfupi asiyecheka, na mnunuzi wa kahawa karibu na mlango. Rejesta ilikuwa mezani imefunguliwa, safu zote nne zimejaa mwandiko wangu mzuri. Mwenyekiti akanikaribisha kwa utani wake, "Haya Mnyasa, tuoneshe samaki wako."

Nikasema. Nilisema kwamba rejesta ni ya kweli, kila kitabu kilitoka na kilirudi. Nilisema kwamba wengi waliovichukua hawakuvisoma kwa sababu hawajui kusoma, na kwamba mimi niliwazawadia kwa kunyamaza na sikuwauliza hata mara moja. Majina sikuyataja.

Kisha Mwenyekiti, bila kucheka safari hii: "Yaani umetuuzia samaki aliyeoza miaka yote, ukituambia mbichi?"

"Ndiyo, baba. Na mimi nilidhani mbichi."

Mama wa Desderia alisimama. Nilimfahamu, alikuwa akinisalimia sokoni kwa kujivunia kadi zile tatu. Alisema maneno mawili tu.

"Na wangu?"

Nilitaka ardhi inimeze. "Dada, naomba tuzungumze nje."

"Hapa hapa. Na wangu?"

"Bado, dada. Hajui."

Alikaa chini. Mwanamume wa dirishani akapaza sauti, "Na wangu?" Nikamjibu. Mwingine, "Na wangu?" Walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila jina nililijua, na kila mmoja nilimjibu kweli. Wachache nilipowaambia "anasoma" hawakufurahi, walitazama chini, maana jirani yao alikuwa ameshajibiwa. Baba mmoja alinyoosha kidole akasema nirudishwe ziwani kwa lori lililonileta. Sikumkasirikia. Hata leo nadhani alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mnunuzi wa kahawa alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atashangilia. Aliniambia baadaye nje, "Mama, na mimi nina mtoto darasa la nne huko Mbinga. Leo nikifika nyumbani nitampa gazeti asome." Alionekana kuogopa kweli.

Kamati ilipiga kura, chumba kikaenda. Hawakukosea. Chumba kile, kwa jinsi nilivyokitumia, kilikuwa na haki ya kuwa ghala. Ndipo Mkaguzi aliyekuwa kimya muda wote akaomba nafasi.

"Chumba ni cha Kamati," alisema, "mmekigawa, sawa. Kipindi si chumba. Kipindi cha maktaba kiko kwenye ratiba, na ratiba ni ya mtoto. Nani hapa amepiga kura ya kukiondoa kipindi?"

Akapitisha macho dirisha hadi dirisha.

"Basi kipo. Mwalimu Mkuu, utakiweka saa ngapi?"

Mwalimu Mkuu akanigeukia mbele ya watu wote wale waliokuwa na hasira na mimi. "Muulizeni yeye. Ameshajua pa kutokukiweka."

Nikamsikia Mratibu wangu kama yuko mlangoni na baiskeli yake. Kazi yako ni saa. Nikasema, "Asubuhi, Mwalimu. Kipindi cha kwanza, kabla ya hesabu, kabla ya jua kali. Siku mbili kwa wiki badala ya moja."

"Mahali?"

"Madarasani mwao. Nina sanduku."

Na sanduku likarudi kazini. Nililivuta toka darasa hadi darasa, na safari hii nililikalia nikijua ninachokalia. Muhuri haukuwa tena wa kurudisha kitabu. Mtoto alisoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mwenzake, na mwenzake alikuwa na ruhusa ya kusema "hapo umeruka," lakini hakuruhusiwa kucheka. Aliyekosea alirudia na hakuchapwa. Walimu walimwomba Mwalimu Mkuu aondoe neno la maji ya kahawa, akaliondoa, zamu zikawa za wote. Kelele zilikuwa kama za soko. Mwalimu wa Taaluma alipita dirishani siku ya kwanza, akaziba masikio, akatingisha kichwa. Wiki ya tatu alikuja na kiti, akakaa na kikundi cha nyuma kabisa, wale wasiojua hata herufi, akakaa nacho hadi mwisho wa mwaka. Lazima niandike hilo. Na mnunuzi naye alitimiza ahadi, darasa la kwanza liliezekwa kabla ya masika.

Desderia alikuwa kikundi cha nyuma. Wiki mbili za mwanzo hakunitazama usoni. Mama yake hakunisalimia sokoni hadi mwaka uliofuata.

Mtihani wa darasa la saba ulimkuta amechelewa. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nimeliandika hilo kwenye daftari bila kuongeza neno, na hapa pia siongezi.

Siku yao ya mwisho shuleni alikuja kurudisha kitabu. Kilikuwa kile cha nyuki. Nilipokea, nikafungua rejesta nijaze safu ya nne, akasema, "Mama, huniulizi?"

Nikamfungulia. Akaweka kidole. Hakuwa na ile sauti ya kanisani tena. Alisoma kama mtu anayepanda kilima na ndoo: m-zi-nga, mzinga, u-we-kwe, akarudi nyuma, akaruka neno, akalirudia mwenyewe kabla sijasema. Jasho lilimtoka puani. Ukurasa mmoja ulichukua muda ambao zamani angemaliza kadi nzima. Lakini kila neno alilolitamka lilikuwa pale, na nililifuata kwa macho yangu moja baada ya jingine, nikawa sioni vizuri.

Alipomaliza akakifunga, akakigeuza, akakitazama kama aliyepunjwa.

"Kumbe hakijui nyuki kitabu hiki," alisema. "Babu anajua zaidi."

Nilicheka nikilia. Nikapiga muhuri.

Baada ya hapo nilifanya kazi katika shule nyingine mbili, ya mwisho ikiwa huku chini upande wa Tingi, karibu na ziwa langu, ndiko nilikostaafia. Kila nilikofika, wiki ya kwanza sikufungua sanduku. Nilikaa barazani nikiandika watoto wanafikaje, saa ngapi wanapiga miayo, saa ngapi macho yao yako wazi. Wakuu wengine wa shule walidhani najivuta. Jibu langu fupi kwa mwalimu kijana ni hilo basi: kiweke asubuhi, kisiwe fungu la masalio, na usiseme mtoto amesoma mpaka umemsikia. Kama yapo mengine wenye elimu wanayajua, wayaongeze.

Siku hizi nikitembea asubuhi napita nyuma ya shule ya kijiji chetu, na mara nyingine mchana pia. Nikisikia kelele naendelea na njia. Nikikuta darasa limejaa watoto na limetulia kimya, moyo unashtuka kama siku ile. Nasimama pale ukutani na fimbo yangu, bibi mzee, nikingoja. Mmoja akishakosea neno kwa sauti, na mwenzake akimwambia hapo umeruka, ndipo naondoka.